Kompyuta ya Marehemu Baba na Kadi ya Grafiki



Juma hili tumepokea barua ya dada yetu mmoja wa Likoni, mjane mwenye watoto watatu. Marehemu mumewe, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliacha kompyuta aliyoinunua mwaka 2003, yenye prosesa ya Pentium 4 na mfumo wa Windows XP, pamoja na sanduku la CD za michezo aliyokuwa akicheza na wanawe siku za likizo. Ameitaja minne: Age of Empires II, Need for Speed III, Prince of Persia: The Sands of Time na Pro Evolution Soccer 6. Kadi ya grafiki iliyokuwamo iliharibika, fundi akaing'oa na kuitupa. Tangu siku hiyo picha hutoka kwenye ubao wenyewe wa kompyuta, na michezo miwili kati ya hiyo imegoma.

Kijana wake mkubwa, mwenye umri wa miaka kumi na sita, amekusanya shilingi 6,000 kwa vibarua vya likizo. Fundi amemwambia mashine hiyo ni ya kutupwa. Binamu yake naye ataka kumuuzia, kwa shilingi hizo hizo 6,000, kadi ambayo ni "ya kisasa na ina GB mbili". Dada yetu auliza: ni kadi ipi inunuliwe, na je, fedha za mtoto hazitapotea bure?

Swali hili ni la kweli, nalo si la nyumba moja. Kabati ngapi za mwambao wetu zina kompyuta kongwe iliyofunikwa kitambaa, ikingoja kutupwa au kufufuliwa? Wahenga walituusia tusiache mbachao kwa msala upitao. Lakini mbacha nao hutaka kushonwa kwa uzi unaoufaa. Jawabu letu kwa ufupi ni hili: kadi ya binamu isinunuliwe, na mashine isitupwe. Sasa tueleze kwa nini.

Kazi ya kadi ya grafiki si ngumu kufahamika. Mchezo wenye dunia ya pande tatu, yaani wenye majumba, viwanja na watu wanaozungukwa kila upande, huundwa kwa maelfu ya pembetatu ndogo ndogo. Pembetatu hizo hupangwa, huvikwa rangi na nakshi, hutiwa mwanga na kivuli, kisha huchorwa upya mara nyingi katika kila sekunde. Prosesa ikibebeshwa kazi hiyo peke yake huelemewa, na picha hukatika-katika. Kadi ni mchoraji aliyeajiriwa kwa kazi hiyo moja. Nguvu zake, hata hivyo, hazina maana iwapo hawezi kuingia nyumbani. Kwa hiyo hatuanzi kwa kuuliza ni kadi gani iliyo bora sokoni. Tunaanza kwa kuuliza ni michezo gani itakayochezwa, kisha ni mashine gani itakayoipokea kadi, na mwisho kabisa ndipo tunapotaja jina la kadi.

Tuanze na michezo. Ipo ya zamani sana, iliyochezwa kwa mfumo wa DOS, kama Prince of Persia ya kwanza. Ipo pia ambayo picha zake ni bapa, kama Age of Empires II ya mwaka 1999. Aina hizi mbili hazihitaji kadi yenye nguvu. Ile ya DOS huchezwa leo kwa programu ya DOSBox, ambayo hutegemea prosesa kuliko kadi. Mwenye kutaka michezo hii pekee asitoe hata senti.

Kisha ipo michezo ya miaka ya 1996 hadi 2000. Hicho kilikuwa kipindi cha kampuni ya 3dfx ya Marekani na kadi zake za Voodoo. Voodoo ya kwanza, iliyotoka mwaka 1996, haikuweza hata kuonyesha maandishi ya kawaida. Ilifungwa ubavuni mwa kadi nyingine na kuunganishwa nayo kwa waya, nayo ikaamka tu mchezo wa pande tatu ulipoanza. Voodoo2 ya mwaka 1998 ilikuwa vivyo hivyo. Kampuni hiyo ilikuwa na lugha yake yenyewe ya kuzungumza na michezo, iliyoitwa Glide, na michezo mingi ya zama hizo ilipendeza zaidi kwa lugha hiyo. Mwishoni mwa mwaka 2000 mali zake zilikubaliwa kuuzwa kwa NVIDIA, na kadi za Voodoo zikakoma. Leo zatafutwa na wakusanyaji wa vitu vya kale, na bei yake ni ya pambo, haiwiani na kazi yake. Hatumshauri kijana mwenye akiba ndogo azifuate. Zipo programu za bure, kama nGlide na dgVoodoo, zinazoitafsiri Glide kwa lugha ambayo kadi za baadaye zaifahamu.

Fungu la tatu ni michezo ya mwaka 2001 hadi 2006 hivi. Hapa ndipo penye Sands of Time ya mwaka 2003 na Pro Evolution Soccer 6 ya mwaka 2006, na hapa ndipo kadi inapohitajika kwa kweli. Michezo ya miaka hii ilianza kudai kwamba kadi iweze kuendesha viprogramu vidogo vya kupaka rangi kila nukta ya picha, ambavyo watu wa fani huviita sheda. Kadi isiyo na sheda haiendi polepole tu. Mchezo wenyewe hukataa kuanza.

Na hapa tumwonye msomaji juu ya hadaa ya nambari. Mwaka 2001 NVIDIA ilitoa GeForce3, iliyokuwa na sheda. Mwaka uliofuata ikatoa GeForce4 za namna mbili, Ti na MX. Ti ilikuwa mwendelezo wa GeForce3. Ama MX, ijapokuwa ilibeba namba nne, kwa undani wake ilikuwa karibu zaidi na GeForce2, na sheda za nukta hazikuwamo. Sands of Time haikuikubali. Mtu aliyenunua "nne" akidhani amempita mwenye "tatu" alirudi nyumbani na kadi isiyoweza kufungua mchezo ambao GeForce3 iliufungua. Vivyo hivyo GeForce FX 5200 ya mwaka 2003 ilikuwa dhaifu kuliko GeForce4 Ti 4200 iliyoitangulia. Tarakimu ya kwanza hutaja kizazi, na zinazofuata hutaja cheo ndani ya kizazi hicho. Mtoto wa mwisho wa ukoo mpya si lazima awe na nguvu kuliko kaka mkubwa wa ukoo wa zamani.

Hadaa ya pili ni ya kumbukumbu, ile "GB mbili" ya binamu. Kumbukumbu ya kadi ni kama ghala, na mwendo wa kazi hutegemea zaidi upana wa mlango wa ghala kuliko ukubwa wake. Mathalan, FX 5200 iliuzwa yenye njia ya biti 128 na pia yenye njia ya biti 64, nayo ya pili ilikuwa nyonge kwa dhahiri hata iwe na kumbukumbu sawa na mwenzake. Muuzaji akitanguliza kutaja ukubwa wa kumbukumbu, mwulize upana wa njia yake na jina kamili la kadi. Asipojua, na asome kibandiko kilicho mgongoni mwa kadi.

Sasa tuiendee mashine. Na afungue kasha kwa bisibisi, baada ya kuchomoa waya wa umeme ukutani na kugusa chuma cha kasha ili umeme tuli wa mwilini usidhuru vifaa. Ndani ataona ubao mama, ule ambao mafundi huuita madabodi, na juu yake mistari ya sloti. Zipo sloti za PCI, za kizazi cha mwanzo, ambazo aghalabu ni nyeupe na huwa kadhaa. Ipo AGP, iliyoanza kuonekana mwaka 1997, ambayo huwa moja tu, mara nyingi ya rangi ya udongo, tena imerudi ndani kidogo ikilinganishwa na za PCI. Na ipo PCI Express, iliyoingia mwaka 2004 na kutumika mpaka leo. Rangi si dalili ya yakini, kwani watengenezaji walipaka walivyopenda. Dalili ya yakini ni umbo la sloti na maandishi ya ubaoni.

Kompyuta ya mwaka 2003 haiwezi kuwa na PCI Express, kwa kuwa ilitengenezwa kabla yake. Yake ni AGP, na kama si AGP basi ni PCI tupu. Kadi ya kisasa yenye GB mbili ni ya PCI Express. Haitaingia humo kwa nguvu wala kwa hila, na mwenye kulazimisha atavunja sloti. Hii ndiyo sababu tumesema kadi ya binamu isinunuliwe. Huenda hakukusudia ubaya. Ametaka tu kuuza alichonacho bila kutazama nyumba ya mnunuzi.

Hata ndani ya AGP kuna tofauti inayoweza kuunguza mashine. AGP ya mwanzo ilitumia volti 3.3, na ya baadaye ikatumia volti 1.5. Ili watu wasichanganye, kadi ziliwekewa pengo kwenye ukingo wenye meno ya dhahabu: pengo lililo karibu na bati la nyuma ni la volti 3.3, na lililo mbali nalo ni la volti 1.5. Kadi yenye mapengo yote mawili imetengezwa kukubali zote. Mbao nyingi za Pentium 4 hupokea volti 1.5 pekee. Basi kijana atazame pengo kabla ya kutazama bei. Kadi yenye pengo la karibu tu, kama Voodoo3, si ya mashine yake. Lau zimetofautiana, asiikate wala kuitia tupa. Aiache.

Baada ya sloti hutazamwa umeme. Kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kompyuta, yaani pawasaplai, huandikwa wati zake ubavuni. Kadi nyingine za zama hizo, kama Radeon 9700, zilitaka waya wa ziada kutoka kwenye kisanduku hicho. Nyingine zilitosheka na sloti. Kwa mashine yenye zaidi ya miaka ishirini tunapendelea kadi isiyotaka waya wa ziada, hasa ile iliyopozwa kwa bati bila feni, kwa kuwa feni ndogo kuukuu huwa ya kwanza kukwama. Aangalie pia kapasita, vile vimikebe vidogo vya duara vilivyosimama ubaoni. Mbao nyingi za miaka hiyo zilipata kapasita duni. Zikiwa zimevimba vichwa au zimetoa ukoko, zibadilishwe kwanza na fundi hodari wa kulehemu, kwani kadi mpya juu ya ubao mgonjwa ni kumtwika mzigo aliyelala kitandani.

Jambo la tatu ni draiva, ile programu inayoiwezesha Windows kuifahamu kadi. Kila kadi ina mwanzo na mwisho wake. Kwa wenye Windows 98, kizazi cha GeForce 6 cha mwaka 2004 ndicho cha mwisho ambacho NVIDIA ilikitengenezea draiva. Kwa wenye Windows XP nafasi ni pana zaidi, na kadi zote za AGP tunazozitaja hapa chini zimo ndani yake. Tuongeze tahadhari: Microsoft iliacha kuulinda mfumo wa XP tarehe 8 Aprili 2014. Kompyuta hiyo na iwe ya michezo pekee. Isiunganishwe na intaneti, wala isitumiwe kwa mambo ya benki au barua za siri. Draiva zipakuliwe kwa mashine nyingine na kuletwa kwa CD au flashi.

Mwisho ni skrini. Skrini za zamani hupokea waya wa VGA wenye pini kumi na tano. Kadi za AGP karibu zote zina tundu hilo au la DVI linalogeuzika kuwa VGA kwa adapta ndogo. Ama kadi za kisasa, kuanzia GeForce za kizazi cha 10, hazitoi tena mawimbi hayo ya zamani. Wengi hununua kadi, kisha hujikuta wakinunua na skrini.

Baada ya hayo, tutaje majina. Kwa mashine ya dada yetu, ikiwa ina sloti ya AGP, tunaona Radeon 9600 ya kawaida ndiyo ya kutafutwa kwanza. Ina sheda, haina makuu ya umeme, nayo yatosha kwa Sands of Time na kwa mpira wa Pro Evolution Soccer 6 ukubwa wa picha ukipunguzwa kidogo. Ikikosekana, GeForce 6200 ya AGP. Zikikosekana zote mbili, FX 5200 au 5500 yenye njia ya biti 128. Kadi hizi hazipo kwenye vioo vya madirisha ya maduka. Hutafutwa kwenye masanduku ya vifaa vikuukuu vya mafundi, na hazistahili kuimaliza akiba ya kijana. Mchezo wa zamani zaidi, Need for Speed III, ukikataa hata baada ya kadi kuwekwa, asiilaumu kadi upesi: baadhi ya michezo ya enzi za Windows 98 haipatani na XP mpaka itiwe viraka vyake.

Kwa wasomaji wenye kompyuta za maofisi zilizoingizwa nchini baada ya kutumika, kama Dell OptiPlex 780 au 7010, hesabu ni nyingine. Hizo zina PCI Express, na sloti yake hutoa hadi wati 75. Lakini zile zenye kasha jembamba zina pawasaplai ya wati 235 au 240 tu, na hazipokei ila kadi fupi. Kwao GeForce GT 1030 ya wati 30 hutosha kwa michezo yote tuliyoitaja, mradi iwe ile ya kumbukumbu ya GDDR5. Ipo nyingine yenye jina hilo hilo na kumbukumbu ya DDR4, nayo ni dhaifu mno. Tena wakumbuke lile la skrini ya VGA. Wenye kasha kubwa waweza kutazama GTX 750 Ti ya mwaka 2014, ambayo kwa wati zake 60 haikulazimu waya wa ziada, ingawa watengenezaji wengine waliuweka.

Dukani, kuuliza si ujinga. Kadi ya mtumba ifungwe mbele yako na ichezeshwe mchezo kwa muda usiopungua dakika ishirini. Tazama kama kuna vidoa, mistari au miraba ya rangi ngeni. Hayo yakitokea, kumbukumbu ya kadi imeugua, na hakuna draiva itakayoiponya. Ombeni ahadi ya kurudisha, iandikwe kwenye risiti. Huku kwetu pwani, hewa ya chumvi hulifubaza pia lile jino la dhahabu. Kifutio laini cha penseli hulisafisha bila madhara.

Limebaki jambo moja ambalo dada yetu hakuliuliza, nalo kwetu ni zito kuliko kadi. Ndani ya kompyuta hiyo mna diski ngumu ya marehemu. Ametaja kwa kupita kwamba picha za arusi yao na barua za mumewe "bado zimo". Diski ni sahani inayozunguka kwa kasi, nayo ikishachoka haitoi notisi. Mchezo uliopotea hununuliwa tena, ila barua ya marehemu hainunuliki. Kwa hiyo shilingi ya kwanza katika zile 6,000 isiende kwenye kadi. Iende kwenye kununua waya wa kuunganisha diski ya zamani ya aina ya IDE na kompyuta nyingine kwa njia ya USB, au kumlipa fundi mwaminifu afanye kazi hiyo mbele ya macho ya kijana. Yote yanakiliwe mahali pawili. Kisha ibadilishwe ile betri ya duara ya CR2032 inayotunza saa ya ubao, ambayo ni ya bei ndogo. Vumbi lifutwe kwa brashi laini, na krimu ya kupozea prosesa ipakwe upya. Hayo yakikamilika ndipo kadi itafutwe.

Na kazi hii tungependa aifanye kijana mwenyewe, mjomba au jirani mwenye ujuzi akisimama kando. Aziandike sloti zake, wati zake na volti zake kwenye karatasi, aende nayo dukani, na asinunue kisicholingana na karatasi hiyo. Binamu akimwambia kadi yake ni bora, amjibu kwa adabu kwamba huenda ni bora, lakini si ya mashine hii.